Nguo Isiyo na Fundo

Papa Saranga alikuwa mtu wa kuudhi. Nasema hivyo mapema ili nisionekane namlilia mtakatifu. Kwa miaka thelathini na miwili niliweka cherehani yangu kwenye baraza la duka lake la vitambaa, pale Nyawera, na sikumbuki siku aliyopima mita moja bila kuipima tena. Mteja ameshalipa, kitambaa kimeshakunjwa, yeye anakikunjua upya ahakikishe hajamdhulumu mtu wala hajajidhulumu mwenyewe. Jumamosi, siku ambayo Bukavu nzima inatafuta nguo za arusi na za komunyo, yeye alifunga. Ijumaa saa tisa mchana aliteremsha mlango wa chuma, mimi na cherehani yangu tukabaki nje. Nilimwambia mara nyingi kwamba Mungu wake anamtia hasara. Alijibu kwamba Mungu ana duka lake na yeye ana lake, na kila mmoja anajua siku zake za kufunga.

Alikuwa Myahudi. Hapa mjini watu hawakujua maana ya neno hilo zaidi ya yale waliyosikia kanisani, kwa hiyo wengine walimwita Mugiriki, wengine Mwarabu, naye akaitika kote. Jina lake lilikuwa Bohor Saranga, mzaliwa wa Milas, mji mdogo wa Uturuki wenye zeituni na mazulia. Alikuja mwaka wa sabini na tisa, kijana wa miaka ishirini na minne, kumsaidia mjomba wake dukani. Mjomba aliondoka baada ya uporaji wa miaka ya tisini. Mke aliletwa kutoka kwao, akakaa misimu miwili ya mvua, akarudi alikotoka na hakuandika hata barua. Yeye akabaki. Nilipomuuliza kwa nini, alisema duka halipakiwi kwenye sanduku.

Ila moyo wake haukuhama Milas hata siku moja. Na ajabu ni kwamba Wayahudi wa Milas wenyewe walikwisha kuondoka Milas zamani. Wengine walikwenda Izmir, wengine Israeli, wengine Ajentina, na kule mjini yakabaki makaburi tu. Waliokuwa hai hawakuzidi arobaini, wazee watupu, nao walikuwa na kundi lao kwenye simu. Kila Ijumaa kabla ya kufunga duka Papa Saranga aliwapigia. Alijua nani kavunjika nyonga na nani kapata kitukuu. Alijua bei ya zeituni za Milas kabla ya kujua bei ya muhogo wa soko la Kadutu. Kila baada ya miaka miwili alipanda ndege akaenda kufyeka majani kwenye kaburi la mama yake pamoja na wenzake, kisha akarudi na sabuni na tini kavu, akanigawia huku akinieleza kila tini imetoka kwenye mti wa nani. Nilimcheka. Nilimwambia huku Bukavu anaishi kwa miguu tu, mwili mwingine wote aliuacha kwao.

Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kufa huku na kuzikwa kama mtu asiyekuwa na kwao. Alitaka azikwe kwa namna ya watu wa Milas, na nguo ya watu wa Milas, kwa sababu aliamini kwamba kuna siku wafu wote watainuka wawatafute watu wao, na yeye hakutaka apotee njia. Mpango wake ulikuwa auze duka akitimiza miaka sabini, ahamie kwa dada yake Viktoria huko Izmir, afe karibu na makaburi. Alitimiza sabini mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili vita viliingia mjini.

Kati ya askari waliotoka na askari walioingia palikuwa na siku mbili zisizo na mwenyewe, na katika siku hizo duka liliporwa. Walichukua vitenge, bazini, zipu, vifungo, hata meza ya kupimia. Waliacha jora moja la amerikani nyeupe. Waporaji nao wana macho; nani avunje mlango wa chuma kwa ajili ya kitambaa kisicho na ua hata moja? Cherehani yangu ilipona kwa sababu nilikuwa nimeihamishia nyumbani, na nilimkuta Papa Saranga amekaa juu ya lile jora katikati ya duka tupu, anafagia kwa macho.

Wageni wengine walivuka daraja la Rusizi wakaingia Rwanda, wakaenda zao. Yeye hakuweza. Wiki tatu kabla ya vita alikuwa ametuma pasipoti yake Kinshasa kwa ndege, apate visa mpya ya ukaaji, na pasipoti ikabaki upande ule wa vita na yeye akabaki upande huu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa. Benki zilifungwa. Viktoria alipiga simu kila siku, analia, anapiga ubalozi huu na ule, na kila ubalozi ulimwambia kaka yake afike mwenyewe. Afike vipi? Vidonge vya moyo, ambavyo zamani aliletewa kwa ndege, alianza kuvikata nusu. Kisha robo.

Mwezi wa tano aliniita ndani, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Maman Cibalonza," alisema, "niko nataka unishonee nguo yangu ya kuzikiwa."

Nilidhani robo ya kidonge imemharibu akili. Lakini alikuwa mtulivu, akanieleza kama anavyoeleza aina za pamba. Kwao mtu akishakuwa mzee, wanawake wa familia na majirani hukusanyika mchana kweupe wakamkatia sanda angali hai. Wanaiita mortaja. Siku hiyo si ya kilio. Wanaimba, wanamwaga lozi za sukari juu ya kitambaa, wanakula, wanataniana. Nguo ikishakwisha inawekwa kabatini, na mwenyewe anaishi zaidi, kwa sababu kifo kikija kinamkuta mtu yuko tayari na kinaona haya. Mama yake alikatiwa ya kwake akiwa na miaka sitini, akaishi mpaka tisini na mmoja.

Nilikasirika, tena sana. Sisi Bashi tuna mambo yetu, na moja ni hili: anayempima mtu hai nguo ya kaburini anajulikana ni mchawi na anafanya kazi ya nani.

"Mimi niko na bajukuu, Papa," nilimwambia. "Nikikata ile nguo, kesho avenue yote itaniita mulozi."

Hakubishana. Alisema, "Kule kwetu hakuna tena mwanamuke wa kuniletea ile nguo. Na huku, mikono yenye niko nayo ni yako tu."

Nilitoka nikapiga mlango. Kwa wiki tatu nilimsalimu kwa kichwa tu. Nilijiambia kwamba urafiki una mpaka, kwamba mtu aliyenifungia baraza kila Jumamosi hawezi kuniomba niuze jina langu. Halafu asubuhi moja nilifika mapema nikamkuta amepiga magoti sakafuni, jora limekunjuliwa, mkasi mkononi, anakata mwenyewe. Mtu aliyepima kila mita mara mbili kwa miaka arobaini na sita alikuwa amekata upande kama njia ya mbuzi. Nilimnyang'anya mkasi nikamwambia Jumapili, baada ya misa ya pili, na awaambie wanawake wake wa Izmir wawe tayari.

Walikuwa tayari kuliko watu wa arusi. Viktoria alitokea kwenye simu, miaka themanini na mmoja, rangi mdomoni, na nyuma yake vibibi watatu wa Milas wamejipanga kwenye kochi, kila mmoja na bakuli la lozi. Viktoria alisomeshwa na masista, kwa hiyo Kifaransa chake kilikuwa safi kuliko changu. Sisi hatukuwa na lozi. Nilikuwa nimekaanga karanga na sukari, na Floribert, muuzaji wa dukani aliyebaki bila cha kuuza, aliishika simu juu ili waone kitambaa chote. Waliimba kwa Kihispania chao cha zamani. Nilikata shati, suruali, joho refu na shuka, na kila nilipomaliza kipande vibibi walishangilia na Papa Saranga akanimwagia karanga mikononi. Alicheka siku ile. Alijiwekea kipande cha shuka kichwani akajifanya bibi arusi, na dada yake akalia kwa kucheka.

Viktoria alinipa masharti. Bila mfuko. Bila kifungo. Bila pindo. Isipite kwenye mashine, mkono tu, na mishono iwe mikubwa. Na uzi usifungwe fundo, si mwanzoni mwa mshono wala mwishoni. Nilimuuliza bila fundo vipi. Akasema ni lazima, akainua kidole aanze kunieleza sababu, na mtandao ukakatika. Alibaki kwenye kioo na kidole juu na mdomo wazi mpaka simu ikazimika. Tulijaribu tena mara tano. Nilipogeuka nilimwona Maman Madeleine, yule anayekaanga mandazi upande wa pili wa barabara, amesimama mlangoni na karai lake. Nyimbo ndizo zilizomleta. Alikuwa ameniona nikimpima Papa Saranga urefu, bega mpaka kisigino, kwa kile kitambaa cheupe. Aliondoka, na jioni hiyo hiyo avenue nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa na habari.

Sasa niseme kosa langu, kwa kuwa ndilo lililonifanya nisimulie haya yote.

Nilivipeleka vipande nyumbani nikashona alasiri tatu, dirishani. Mimi nilifundishwa kushona na masista nikiwa na miaka kumi na miwili, na kabla hawajanifundisha kushika sindano walinifundisha fundo: lowesha ncha ya uzi kwa mate, zungusha kwenye kidole, vuta. Sista aliyetufundisha alikuwa anashika nguo ya kila msichana na kuivuta mbele ya wote. Ikifumuka, unapiga magoti. Nilijaribu kufuata sharti la Viktoria, Mungu ni shahidi. Nilishona bega la kwanza bila fundo, nikalivuta kidogo tu, na uzi wote ukateleza ukabaki mkononi mwangu. Nilishikwa na aibu nikatazama mlangoni kama kuna aliyeniona.

Nikaanza kuwaza. Hawa vibibi wanajua nini kuhusu kushona? Wanataka bila fundo wamalize haraka wakale lozi zao. Mtu huyu ameporwa duka, ameporwa safari, hata vidonge vyake anakula robo. Nimpe na nguo itakayomfumukia kaburini? Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa mafundi wa nguo wa miaka thelathini. Ningeweza kumpigia Viktoria siku ya pili. Ningeweza kumuuliza Papa Saranga mwenyewe, ingawa labda asingejua, maana alisema nguo hiyo kwao ni siri ya wanawake. Sikuuliza. Nilifunga fundo mwanzo wa kila uzi na mwisho wa kila uzi, mafundo madogo kama mbegu za lengalenga, mchicha wetu, nikayaficha ndani ya mishono asiyaone mtu. Niliyafunga kwa kumpenda na niliyafunga kwa kiburi, na leo siwezi kusema fundo lipi lilikuwa la upendo na lipi la kiburi.

Nilipompelekea, aliipapasa nguo kwa muda mrefu, mshono kwa mshono, kama alivyopapasa vitambaa vipya zamani vilipofika kutoka Dubai.

"Bila fundo?" aliuliza.

"Bila fundo, Papa."

Alisema aksanti, akaiweka kabatini, akaniambia kwamba sasa anaweza kulala.

Kifo hakikuona haya. Kilikuja katikati ya mwezi wa nane, wakati wa vumbi, Alhamisi alfajiri. Floribert alimkuta kitandani chumba cha nyuma ya duka, amelala ubavu, simu kifuani. Nilipofika nililia kwa sauti kama ninavyolilia ndugu, maana ndugu alikuwa. Halafu nikampigia Viktoria. Hakupiga kelele. Alisema kwamba lazima azikwe leo kabla jua halijazama, kwamba mwili usionyeshwe kwa watu, na kwamba wanaume ndio wamwoshe.

Mtu wa Bukavu akisikia hivyo anaelewa kitu kimoja tu. Maiti bila matanga, bila kuonwa, anapelekwa kaburini siku ile ile, na anayeharakisha ni mwanamke aliyemshonea sanda angali hai. Wateja wachache niliobaki nao walikuwa wameshaniacha tangu mwezi wa sita. Mama mmoja alikuja kuchukua sare ya mtoto wake ambayo nilikuwa sijaimaliza, akaishika kwa ncha za vidole. Sasa majirani walisimama barabarani tangu saa mbili. Maman Madeleine aliacha mafuta yake yaungue. Mkuu wa avenue alikuja akataka karatasi ya daktari, Floribert akamwonyesha, akaisoma mara mbili, akaniangalia mimi badala ya karatasi. Alituruhusu. Mwenye gari alisema atakwenda makaburini na kurudi kabla ya saa kumi, kwa sababu baada ya saa kumi kizuizi cha barabarani hakipitiki, na tusipokuwa tayari saa nane atatuacha.

Viktoria alikuwa ametafuta watu tangu alfajiri. Sala yao ya maziko inahitaji wanaume kumi wa dini yao. Alimpata mmoja Kigali, mtu wa kompyuta, ambaye alisema atasali huko huko aliko lakini Bukavu hafiki. Alipiga Kinshasa, ambako walimpa pole wakamwambia hakuna ndege. Kumi hawakupatikana. Hata mmoja hakupatikana. Kwa hiyo Floribert, Mkatoliki, mwanakwaya, alimwosha Papa Saranga pamoja na shemeji yake, na mimi nilisimama nyuma ya pazia na simu sikioni. Viktoria alisema kwa Kifaransa, mimi nikasema kwa Kiswahili. Maji yaanzie kichwani. Upande wa kulia kwanza. Msimlaze kifudifudi kamwe, hata kidogo. Suruali, shati, joho, shuka. Nilimsikia Floribert akisema pole kila alipouinua mkono wake, kama vile anaweza kuumia.

Waliposema wamemaliza, nilimwambia Viktoria. Ndipo alipoanza kulia, na katikati ya kulia akakumbuka kitu.

"Siku ile simu ilikatika, sikuwahi kukueleza," alisema. "Bohor alikuwa na hofu moja tu, asipotee. Mama yetu alituambia tukiwa wadogo. Aliyefungwa haendi. Siku ya kuinuka, uzi unafumuka wenyewe na mtu anatembea chini ya ardhi mpaka kwa watu wake. Ndiyo maana hatufungi fundo. Sasa atafika Milas kwa sababu yako. Ni wewe umempa njia."

Niliikata simu nikaiweka kwenye dirisha, nikatoa wembe kwenye kikopo changu cha sindano, nikavuta pazia.

"Maman, mwanamuke haingii," Floribert alisema, akasimama mbele yangu.

"Floribert, toka mu njia."

Alitoka. Nadhani aliona uso wangu. Nilikunjua shuka, na ndiyo, nilimwona Papa Saranga katika ile nguo, na ilimkaa vizuri, Mungu anisamehe, niliona kwamba ilimkaa vizuri. Nikaanza na mikono ya joho. Fundo lililofungwa kwa mate linakaza kadiri siku zinavyopita. Nililipasua kwa wembe, nikavuta, na uzi ukateleza wote kama ulivyoteleza ule wa kwanza nyumbani kwangu, na kitambaa kikalala wazi. Mkono wa pili. Mbavu. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Shemeji ya Floribert alifanya ishara ya msalaba akatoka nje. Nje gari lilipiga honi.

Floribert aliniuliza ninafanya nini. Nilimwambia kwa maneno mawili, maana hakuwa na haja ya zaidi. Alikuwa amefanya kazi na mzee miaka kumi na tisa na alijua alichotaka. Akaanza kunishikia kitambaa. Tulifika shingoni, tukamaliza. Ukabaki mshono wa mgongo, ule mrefu unaotoka shingoni mpaka kiunoni, na Papa Saranga alikuwa ameulalia kwa uzito wake wote.

"Tumugeuze," nilisema.

"Hapana, Maman. Alisema tusimulaze kifudifudi. Weye mwenyewe njo ulisema."

Na ni kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimetoa neno hilo kupitia pazia, tena mara mbili. Nilimwomba amwinue kidogo kwa upande. Alijaribu. Mzee alikuwa ameshakakamaa na Floribert ana miaka sitini na mgongo mbovu. Nilimwita shemeji yake, hakurudi. Honi ikapiga tena, ndefu, na dereva akapaza sauti kwamba saa nane na nusu imepita, kizuizi hakimsubiri mtu. Nilipitisha mkono chini ya mgongo wake, kati ya kitambaa na ubao, nikatafuta kwa vidole. Wembe haukuweza kupita. Niliyahesabu kwa kugusa, moja baada ya jingine. Yalikuwa tisa.

"Maman, acha," Floribert alisema. "Tutakosa kaburi."

Nilimfunika shuka kwa mikono yangu.

Tulimzika saa tisa na nusu, watu wanne na dereva, kwenye mteremko ambako makaburi mapya yalikuwa mengi kuliko majani. Floribert alisoma zaburi kutoka katika Biblia yake ya kanisani. Tulijaribu kumpigia Viktoria ili kundi lote lisikie, wazee wote walikuwa wanasubiri na simu zao huko Izmir na Ajentina, lakini pale mlimani mtandao haukushika. Kwa hiyo hawakusikia kitu. Udongo ulikuwa mkavu, ulishuka na vumbi jingi, na dereva hakuzima injini.

Nilipofika nyumbani simu ilikuwa imejaa ujumbe. Floribert alikuwa ameshawaandikia kwamba mzee amezikwa, na watu wa Milas walikuwa wameandika mmoja baada ya mwingine, kila mtu maneno yale yale, ambayo Viktoria alinitafsiria baadaye: njia ya maziwa na asali, Bohor. Ndivyo wanavyomuaga msafiri. Bibi mmoja aliongeza kwamba aanze kutembea taratibu, kwani wao nao hawako mbali.

Ijumaa iliyofuata, saa nane na nusu, wakati ule ule ambao Papa Saranga alikuwa akiwapigia, simu yangu iliita. Alikuwa Viktoria. Alisema hana mtu mwingine wa kumpigia Bukavu, na kwamba saa hiyo ikipita bila simu anahisi atakufa. Tukazungumza. Akaniambia nani kavunjika nini na zeituni mwaka huu ni chache. Akapiga na Ijumaa ya pili, na ya tatu. Sasa ni mwezi wa kumi na moja na hajakosa hata moja.

Baraza sina tena. Duka limechukuliwa na mtu mwingine anayeuza simu. Nashona nyumbani viraka vya watu wasionijua. Kila Ijumaa asubuhi najiambia leo nitamweleza. Nimeyapanga maneno kwa Kifaransa, si mengi. Halafu anapiga, na sauti yake kila wiki inakuwa nyembamba zaidi. Moyo wake nao hauko vizuri, daktari amemwambia. Wiki iliyopita alisema zamani aliogopa sana kufa, lakini siku hizi haogopi, kwa sababu safari hii Bohor ametangulia, na akifika atamkuta amekaa na mama yao, wanamngoja.

"Atakuwa ameshafika, siyo, Cibalonza?" aliniuliza. "Kwa nguo uliyomshonea."

Nilisema ndiyo, maman. Nitasema ndiyo na Ijumaa hii.